Fredi Ndani ya Chungu

Katika ufinyanzi wa vyungu, tangu hapa Ikombe mpaka Matema, hakuna mwanamke wa kunifikia. Wa kunipita wapo. Nikiwahesabu harakaharaka ni kumi na wawili, na mmoja wao haoni vizuri. Lakini wa kunifikia, tukalingana bega kwa bega, hakuna, na hilo nalisema bila aibu kwa sababu nilimaliza darasa la saba na mwalimu alituambia mtu asifiche kipaji chake.

Vidole ndivyo vilivyoniangusha. Zamani mkono wangu ulikuwa unaingia kwenye shingo ya chungu na kutoka kama panya ghalani. Sasa vifundo vimevimba, mkono ukifika shingoni unagoma. Na chungu kisichokwanguliwa ndani ya shingo kinabaki na vidonge vya udongo. Mteja wa mjini anapitisha kidole, anauliza, "Hiki cha nani? Cha Bibi Jeni? Nipe kingine."

Ndiyo maana nilimwiba Fredi. Yaani nilimwazima. Nilimwazima bila kumwambia mwenyewe.

Fredi si mtu. Nalisema hili mapema, maana kuna mtu mzima na ndevu zake alikosana na mkewe kwa kutolijua. Fredi ni chuma bapa, urefu wake kama kidole cha kati cha mwanaume. Ncha moja ni kijiko, ncha nyingine ina jino la kukatia kopo, katikati kuna pengo la kufungulia soda, na pembeni kitundu cha kupitishia kamba. Ni mali ya kaka yangu Raphaeli, mwanajeshi mstaafu. Walipokwenda mazoezi ya pamoja na majeshi ya nje, walikutana na Wazungu wa nchi ya mbali sana, kule jua linakochomoza likiwa halijanawa uso. Chakula chao askari hao walipewa kwenye mifuko, na kila mfuko ulikuwa na chuma kimoja ndani yake. Raphaeli akatoa kilo ya mchele wa Kyela, akapewa chuma. Akamuuliza yule Mzungu, kinaitwaje? Mzungu akasema, "Fredi." Mpaka leo hatujui kama alitaja jina la chuma au jina lake mwenyewe.

Miaka yote Fredi alilala kwenye sanduku pamoja na medali. Kisha mwaka jana Raphaeli alipigwa na kiharusi. Mguu ulirudi, ulimi ulirudi, tena ulirudi na nguvu za ziada, mkono wa kulia ukarudi nusu: kiwiko kinakunjika, vidole vimejifunga ngumi havifunguki. Kijiko cha kawaida ukikisukumiza kwenye ile ngumi kinazunguka, mchuzi unaishia kifuani. Mkono wa kushoto hataki kuutumia kwa chakula, anasema mkono huo una kazi yake nyingine na unaifahamu vizuri. Fredi, kwa sababu ni bapa na mfupi, aliingia kwenye ngumi akakaa kimya. Tukapitisha kipande cha tyubu ya baiskeli kwenye kitundu, tukafunga kwenye kiganja. Kaka yangu akala mwenyewe, nami nikaenda nyuma ya nyumba kupenga kamasi.

Sasa sikilizeni ugumu wa jambo lenyewe. Raphaeli amefiwa na mkewe. Mwanawe Prosper anaendesha lori, yuko Tunduma. Nyumbani yupo Tuntufye, mke wa Prosper, na kwetu mke wa mtoto hamkaribii baba mkwe. Hamtazami usoni, hataji jina lake, hampi kitu mkono kwa mkono. Vijana wa mjini wameyaacha hayo, wanakaa na wakwe zao kochi moja wanatazama tamthilia. Hapa Ikombe bado. Tuntufye anapika, anaweka sahani kwenye kigoda, anaondoka, ndipo mkwe anatoka. Wakitaka kusemezana wanapitia kwa mbuzi. Tuntufye anasema kwa sauti, "Wewe mbuzi, chakula kinapoa." Raphaeli naye anajibu kutoka ndani, "Mbuzi, ndaga fijo, asante sana, ila jana chumvi ilizidi." Mbuzi huyo anajua mambo mengi ya ukoo wetu.

Mimi ningeweza kumlisha, ni dada yake. Hakutaka. "Aliyenilisha ni mama peke yake, na amekwisha kufa."

Halafu yupo binti yake, Ambwene, muuguzi huko Iringa. Mwezi wa pili, kabla hatujamkumbuka Fredi, alikuja akamkuta baba yake na uji kifuani. Hakupiga kelele, wauguzi hawapigi kelele, alisema tu: "Baba, nitakuja tena Jumamosi ya mwisho wa mwezi wa nne. Nikikuta unakula mwenyewe, utabaki. Nikikuta unalishwa, au umejimwagia, tunaondoka wote siku hiyohiyo."

Raphaeli anaiogopa Iringa kuliko alivyoogopa risasi. Anasema ni baridi, ziwa hakuna, na choo kimewekwa ndani ya nyumba kupakana na jiko, jambo ambalo hata jeshini hakuliona. Tena kaburi la mkewe liko hapa, hatua ishirini kutoka mlangoni. Kila asubuhi anakwenda kulisalimia kabla ya kutusalimia sisi.

Kwa hiyo mnaelewa Fredi alikuwa nani kwenye nyumba ile. Na mnaelewa mimi ni mtu wa namna gani, kwani kila baada ya chakula cha mchana, kaka akilala, nilikuwa namfungua Fredi taratibu kwenye ngumi, nakimbia naye kwenye banda langu la udongo. Kile kijiko chake kilipinda sawasawa na shingo ya chungu. Nakwangua, nalainisha, namwosha, namrudisha kabla mwenyewe hajaamka. Miezi miwili! Vyungu vyangu vikaanza kuuliziwa kwa jina. Kitu kimoja tu: Raphaeli alianza kulalamika kwa mbuzi kwamba wali una mchanga. Tuntufye maskini akawa anachagua mchele mara tatu, macho yanamtoka. Nami nilikuwa nakaa pembeni natingisha kichwa, nasema wasichana wa siku hizi hawajui kupepeta.

Alhamisi ile, siku mbili kabla ya Ambwene, nilikuwa na vyungu kumi na sita vya Halima, mfanyabiashara wa Bondeni, Kyela mjini. Vyote vimeshachomwa motoni, nimebakiza kimoja chenye vidonge shingoni. Ezra wa mtumbwi anapiga filimbi ufukweni, "Bibi Jeni, upepo hausubiri wajukuu!" Nakwangua, natazama ziwa, nakwangua, natazama mlango wa kaka. Ezra anapiga filimbi tena. Nikajaza nyasi, nikafunga, tukapakia, mtumbwi ukaondoka. Nikanawa mikono.

Nilipofika kwa kaka alikuwa ameamka. Amekaa, ameishika ngumi yake kwa mkono wa kushoto, anaigeuza huku na huku kama mtu aliyeokota kobe.

"Jeni. Fredi hayupo."

"Hayupo vipi?"

"Nililala naye. Nimeamka peke yangu."

Nikaitazama mikono yangu niliyotoka kuinawa, mitupu. Kumbe nilikuwa nimemdumbukiza ndani ya chungu, tena nikamfunika nyasi.

"Labda panya," nikasema.

"Panya anafungua fundo?"

"Panya wa siku hizi, kaka, wamesoma."

Hakucheka. Jioni Tuntufye aliweka sahani, mbuzi akaarifiwa, sahani ikakaa mpaka kuku wakaizunguka. Kaka alikunywa maji ya uji kwenye kikombe kwa mkono wa kushoto, amefumba macho kama anayekunywa dawa. Ijumaa vilevile. Nami Ijumaa hiyo sikukaa. Nilikaa kwenye kigoda nikasimama, nikaenda ufukweni nikarudi, nikaanza kukanda udongo nikauacha, nikamfokea kuku ambaye hakuwa wangu. Ningemwambia ukweli? Ningesema nini? Kwamba mchanga wa kwenye wali ni wangu?

Nikapanda kwenye mwinuko ambako simu inashika mtandao, nikampigia Halima.

"Halima mwanangu, Fredi yuko kwako?"

"Fredi? Fredi gani, bibi?"

"Nimemtuma bila kukusudia. Amefika na vyungu vyangu jana. Mwangalie vizuri, yumo ndani, nimemfunika nyasi."

Halafu nikasikia sauti ya mumewe, Said, kumbe simu imewekwa sauti ya nje, duka zima linasikiliza. "Halima! Nani amefunikwa nyasi stoo kwangu tangu jana?"

"Sijui mimi!"

"Bibi," Said akaingilia, "huyo Fredi ni mkubwa?"

"Hapana, mdogo tu, lakini ana nguvu," nikasema, maana nilidhani ananisaidia. "Msimguse jino lake, atawakata. Mimi mwenyewe namtumia kila mchana kaka akilala..."

Simu ikakatika. Salio langu, si hasira ya Said. Au vyote viwili.

Jumamosi alfajiri nilikuwa wa kwanza kwenye mtumbwi wa Ezra. Nilimwambia kaka naenda kununua chumvi. Akasema, "Chumvi ipo." Nikasema, "Chumvi nyingine." Kutoka Ikombe mpaka Matema nilihisi naupiga kasia ule mtumbwi kwa magoti yangu. Ezra akaniambia, "Bibi, ukitikisa hivyo tutafika bila wewe." Matema nikapanda bodaboda. Nikamwambia kijana aende kasi, akaenda kasi, nikamwambia apunguze, akapunguza, nikamwambia mbona unatambaa. Tukipita Ipinda akaniuliza kama nina mgonjwa. Nikasema nina wawili: mmoja hana kijiko, mwingine hana akili, na huyo wa pili ndiye uliyempakia.

Bondeni nilimkuta Said amekaa mlangoni pa duka, mikono ameikunja, kofia yake imenyooka kama hakimu. Halima yuko ndani, macho mekundu.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba. Fredi yuko wapi?"

"Hata mimi hilo ndilo nauliza tangu jana. Nimekaa hapa mlangoni. Hakuna mwanaume aliyetoka."

"Hawezi kutoka mwenyewe, yumo chunguni!"

"Bibi," Said akasema polepole, kama anayeongea na mtoto, "mtu anaingiaje chunguni?"

Nikamweleza. Nilieleza vibaya kwa haraka, nikaanzia kwa yule Mzungu, nikapita kwenye kiharusi, nikarudi kwa mbuzi. Halima alianza kucheka katikati. Said hakucheka. Alisema ataamini atakapomwona. Tukaenda stoo. Vyungu kumi na sita, kila kimoja na nyasi zake. Mkono wangu hauingii, wa Halima una bangili, basi Said akakunja mkono wa kanzu akaanza kuingiza wake. Cha kwanza, nyasi. Cha tano, nyasi na mjusi. Cha kumi na moja macho yakamtoka.

"Nimemshika!"

"Mtoe!"

Akavuta. Mkono umejaza ngumi, shingo ya chungu haikubali. Akavuta tena, chungu kikaja nacho mpaka kifuani.

"Mwachie Fredi, baba, mkono utoke. Kisha tutakigeuza aanguke mwenyewe."

"Simwachii. Nimwachie atokee wapi?"

"Said, ni chuma tu!" Halima akasema.

"Kama ni chuma, kwa nini mnamwita jina la mwanaume?"

Saa ilikuwa inakwenda. Nje, kivuli cha mti kilikuwa kimeshaanza kujikusanya chini ya shina. Ambwene angekuwa ameshafika Matema. Nikachukua jiwe la mlangoni. Kile chungu, nawaambia, kilikuwa kizuri kuliko vyote kumi na sita, tumbo la mviringo, shingo imelainishwa mpaka inateleza, ndiyo kazi ya Fredi mwenyewe. Nikakipiga. Said akabaki na mkono mweupe kwa vumbi, na katikati ya kiganja, Fredi.

Akamtazama mbele, akamtazama nyuma.

"Huyu ndiye?"

"Ndiye."

"Mbona mfupi?"

Halima alilazimika kukaa juu ya gunia. Mimi sikungoja. Nilimnyakua Fredi nikamtumbukiza kifuani, mahali ambapo siku hizi hakuna msongamano, nikarudi kwenye bodaboda.

Njia ya kurudi sina la kusimulia, kwa sababu sikuiona. Ziwa lilikuwa limeamka, upepo wa kusini unatupiga usoni, kila tukisogea hatua mbili tunarudishwa moja. Ezra akaniambia Ambwene ametutangulia kidogo tu kwa mtumbwi mwingine, amebeba begi kubwa, tupu. Begi tupu! Mtu habebi begi tupu mpaka awe na cha kurudi nacho. Nikachukua kasia la pili. Miaka sijashika kasia. Nilipiga mpaka Ezra akanyamaza.

Nilipanda kutoka ufukweni huku nimeshika magoti. Nikapitia nyuma, jikoni, ili nijue kwanza kuna hali gani. Tuntufye alikuwa amesimama amejibanza ukutani, kanga imefunika kichwa chote, mkono wake wa kulia umejaa mchuzi mpaka kiwikoni.

"Shangazi! Ulikuwa wapi?"

"Amekula?"

"Amekula." Sikujua analia au anacheka. "Tuliona mtumbwi wa wifi kwa mbali. Mbuzi akaambiwa, 'Wewe mbuzi, mtu akikutwa na sahani iliyojaa atapelekwa Iringa.' Nami nikamwambia mbuzi, 'Mtu afumbe macho.' Nikajifunika, nikampa mgongo, shangazi. Nikapeleka kijiko kwa nyuma. Sikumwona, naapa, sikumwona hata kidogo! Yeye akawa anamwamuru mbuzi kama yuko gwaride: kushoto, juu, juu zaidi, simama, ingiza."

"Na sahani?"

"Imeisha yote. Nimetoka mlango huu, wifi akaingia ule."

Nilimshika huyu mtoto nikambusu juu ya kanga. Mchele aliouchagua mara tatu kwa ajili ya dhambi yangu, na bado akafanya haya. Nikamtoa Fredi kifuani, nikamchovya kwenye ndoo ya maji.

Ukumbini Raphaeli alikuwa amekaa wima kwenye kiti chake, sahani nyeupe mbele yake, shati safi, kifua safi. Alikuwa anaongea kwa sauti yake ya kijeshi. Ambwene amesimama, begi miguuni.

"Chakula chote umekula mwenyewe, Baba?"

"Wali, dagaa wa usipa na mchuzi. Ulitaka nile na sahani?"

"Kwa kijiko kipi?"

"Kwa Fredi."

"Yuko wapi Fredi?"

Kaka yangu akaisukuma ngumi yake chini ya meza. Hapo ndipo nilipoingia, nimemshika Fredi anachuruzika maji.

"Ugonile, mwanangu! Nilikuwa namwosha huyu," nikasema. "Baba yako akishakula ni lazima aoshwe upesi, la sivyo anashika kutu."

Ambwene akampokea Fredi, akamgeuza. Mtu akisema kaka yangu hakushangaa, basi hajui kutazama. Alinitazama kama askari anayeona gari la chakula likitokea ambako hakuna barabara. Ila hakuuliza. Akaisogeza ngumi yake mbele, nami nikamrudisha Fredi, nikafunga tyubu, fundo lilelile. Ambwene akamwambia, "Hebu nyanyua." Raphaeli akanyanyua Fredi kutoka kwenye sahani tupu mpaka mdomoni, bila kutikisika, mara mbili.

Nikaona mabega ya Ambwene yanashuka. Akavuta kigoda, akakaa karibu na baba yake, akavua viatu. Begi akalisukuma chini ya meza kwa mguu.

"Haya, Baba. Sitaki kukubishia na ushahidi upo. Nitalala kwako leo, kesho nitarudi peke yangu."

"Nilikwambia," Raphaeli akasema. "Nakula kama kuruta. Sijasaidiwa na mtu hata punje moja."

Nyuma ya mlango nilisikia Tuntufye anapumua.

Ambwene akatabasamu, akamwinamia baba yake amtazame macho, kama wauguzi wafanyavyo hata wakiwa likizo. Akamgeuza uso upande wa kushoto. Akaingiza vidole viwili kwenye sikio la baba yake, akatoa punje ya wali, akatoa ya pili, kisha kwa uangalifu mkubwa akatoa usipa mzima, na macho yake.

"Baba. Na huyu?"

Raphaeli alimtazama yule usipa.

"Mkono bado unajifunza njia, mwanangu," akasema.

Ambwene alikuwa ameshanyanyuka, amezunguka nyuma ya kiti, anavuta kola ya shati.

"Na hawa watatu wa mgongoni?"